Watoto wawili wamefariki kabla ya siku ya saba: je, ni ugonjwa wa kurithi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 27, naishi Ujiji. Nimezaa mara mbili na sina mtoto. Wa kwanza alikuwa wa kiume, wa pili wa kike. Wote walizaliwa miezi imetimia, kilo tatu na kitu, wakalia na kunyonya vizuri. Siku ya tatu wakaanza kulegea na kukataa titi, wakawa wanalala tu, halafu degedege. Wa kwanza alifariki siku ya tano, wa pili siku ya sita. Hospitali waliandika maambukizi kwenye damu. Nyumbani wengine wanasema ni ugonjwa wa mchango, wengine wanasema damu zetu haziendani kwa kuwa mume wangu ni mtoto wa shangazi yangu. Sasa nina mimba ya miezi sita. Je, kuna ugonjwa wa kurithi unaoua watoto namna hii? Nifanye nini na huyu?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana. Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, kwa sababu umetaja jambo ambalo sisi madaktari wa watoto mara nyingi hatuambiwi hata tukiuliza: kwamba watoto walizaliwa wazima, wakanyonya, kisha wakabadilika siku ya tatu. Hilo ndilo linalonifanya nikujibu kwa urefu.

Ndiyo, yapo magonjwa ya kurithi yanayoua watoto hivyo hivyo ulivyoeleza, na historia yako inatosha kabisa kuyashuku. Siwezi kusema kwamba ndiyo yaliyowachukua wanao, maana damu yao haikupimwa kwa ajili hiyo. Lakini mimba hii isichukuliwe kama mimba ya kawaida. Una miezi mitatu, na yatakayofanyika katika miezi hiyo yana uzito kuliko dawa yoyote atakayopewa mtoto akishaumwa.

Magonjwa ninayoyazungumzia huitwa magonjwa ya kurithi ya umetaboli. Chakula kikiingia mwilini, hata kama ni maziwa ya mama peke yake, huvunjwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani kichocheo kinachoifanya kazi hiyo. Mtoto anaweza kuzaliwa amekosa kimeng'enya kimoja tu. Wewe ni mtu wa Kigoma, reli unaijua: fikiria daraja limekatika kati ya Kaliua na Uvinza. Mabehewa yanarundikana Kaliua, na huku Kigoma mzigo haufiki. Mwilini pia kuna kitu kinachorundikana mpaka kinageuka sumu, na kuna kitu kinachosubiriwa ambacho hakiji. Kinachorundikana kinaweza kuwa amonia, asidi za aina fulani, au sukari ya kwenye maziwa iitwayo galaktosi. Ubongo wa mtoto mchanga huwa wa kwanza kuumia.

Kwa nini basi wazaliwe wazima, na uzito mzuri? Tumboni, kondo la nyuma lilikuwa linaipitisha sumu hiyo kwako, na ini lako linaisafisha. Kitovu kikishakatwa, mtoto anabaki na mwili wake mwenyewe. Sumu inapanda saa kwa saa, na dalili nyingi hujitokeza ndani ya wiki ya kwanza. Tena si maziwa pekee yanayoipandisha. Kila mtoto hupungua uzito kidogo siku za mwanzo, na katika kupungua huko mwili unavunja protini zake wenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo akina mama wanaoambiwa, au wanaojiambia, kwamba titi lao ndilo lililoua. Dada yangu, titi lako halikuua mtu.

Waliokuhudumia wakiandika maambukizi, walifikiri ambavyo daktari yeyote angefikiri kwanza. Vifo vingi vya watoto wachanga hapa kwetu vinatokana na kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Na mtoto mchanga ana njia chache za kuonyesha kwamba anaumwa: halii sawasawa, hanyonyi, analegea, anapata degedege. Ugonjwa wa umetaboli na maambukizi ya damu vinaweza kufanana kiasi kwamba kwa macho tu huwezi kuvitenganisha. Wakati mwingine vyote vinakuwapo; mtoto asiyeweza kuvunja galaktosi hushikwa kwa urahisi na maambukizi makali ya damu, hivyo hata kipimo kikionyesha bakteria bado hujamaliza kutafuta. Ila watoto wawili wa tumbo moja, wote wametimia, wote wanabadilika siku ileile, hapo daktari anatakiwa kusimama na kufikiri upya.

Magonjwa haya yanafahamika zaidi ya 1,000. Kila moja ni adimu sana. Upo, kwa mfano, ule unaofanya mkojo unuke sukari iliyoungua. Makadirio ya dunia ni mtoto 1 kati ya karibu 185,000. Ukiyajumlisha yote, inakadiriwa mtoto 1 kati ya takriban 2,000, na hapo uadimu unaanza kupungua. Mkoa wenye wajawazito wengi kama Kigoma unayapata kila mwaka, bila kuyapa jina.

Sasa suala la damu kutoendana. Nadhani nyumbani wanachanganya mambo mawili. La kwanza ni kundi la damu la mama lenye alama ya hasi na la mtoto lenye alama ya chanya. Tatizo hilo huleta umanjano mkali na upungufu wa damu, na mara nyingi mtoto wa kwanza husalimika. Wako hawakuwa hivyo. La pili ni ujamaa wenu, na hapa wazee hawajakosea sana, ingawa hitimisho lao ni kali mno.

Selimundu mnaijua. Baba anabeba jeni (chembe ya urithi) moja yenye hitilafu, mama anabeba moja, wote wawili wazima wa afya, hawajui kitu. Mtoto akichukua ya baba na ya mama kwa pamoja, anaumwa. Magonjwa mengi ya umetaboli yanarithiwa kwa njia hiyohiyo. Kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuumwa, asilimia 50 wa kuwa mbebaji kama ninyi, na asilimia 25 wa kutochukua jeni hiyo kabisa. Hesabu hiyo inaanza upya kila mimba. Kufiwa na wawili hakumaanishi wa tatu lazima afe, na hakumaanishi pia kwamba sasa zamu ya msiba imekwisha.

Mabinamu wana babu na bibi mmoja, kwa hiyo wanashiriki takriban moja ya nane ya jeni zao. Jeni adimu iliyokuwa kwa babu inaweza kuwafikia wote wawili. Kwa watu wasio na undugu, watoto 2 hadi 3 kati ya 100 huzaliwa na tatizo kubwa la kimaumbile au la kurithi. Kwa mabinamu wa kwanza idadi hiyo karibu inakuwa mara mbili. Maana yake mabinamu walio wengi, Ujiji na kwingineko, wanazaa watoto wazima. Hamkutenda dhambi kuoana, na hakuna kati yenu mwenye kosa kuliko mwenzake: katika urithi wa aina hii jeni lazima itoke pande zote mbili. Mtu akikuambia tatizo ni la mwanamke, mwambie daktari amekataa.

Mama mkwe wako ni shangazi yako, na hili naliona kama bahati. Kaa naye kwa utulivu, umuulize habari za ukoo. Ni watoto gani wa familia waliofariki ndani ya arobaini? Walikuwa wa kiume tu, au wote? Wa nani kwa nani? Yupo ugonjwa mmoja wa amonia kupanda ambao unapita kwa mama na kuwaua zaidi watoto wa kiume. Katika familia hizo unakuta mama amefiwa na wana wa kiume na pia amefiwa na kaka zake wakiwa wachanga. Kwako amekufa wa kiume na wa kike, kwa hiyo huo uko mbali kidogo, ila usiutupe kabla hujamsikiliza shangazi. Chora jina la kila mmoja kwenye karatasi, pamoja na waliokufa kabla ya kupewa jina. Karatasi hiyo ni kipimo kama vipimo vingine, na haina gharama.

Kuna kingine utakachomuuliza yeye na wewe mwenyewe: harufu. Mwaka 1934 huko Norway, mama mmoja aitwaye Borgny Egeland alikuwa na watoto wawili waliodumaa akili, na mkojo wao ulikuwa na harufu asiyoielewa. Alizunguka kwa madaktari kwa miaka, hadi akamfikia Asbjørn Følling, ambaye alikubali kuupima mkojo huo. Alipoutia kloridi ya chuma ukageuka kijani. Hivyo ndivyo ulivyogunduliwa ugonjwa wa fenilketonuria, ambao leo mtoto akigundulika mapema na kulishwa chakula maalumu anakua na akili timamu. Ugunduzi huo ulianza kwa mama aliyekataa kuambiwa kwamba harufu ile haina maana.

Kwa hiyo jaribu kukumbuka. Nepi zao zilinuka kama sukari iliyoungua? Harufu hiyo hukaa hata kwenye nta ya sikio la mtoto. Au zilinuka kama jasho la miguu iliyofungiwa kwenye viatu? Huo ni ugonjwa mwingine wa asidi. Ulimwona mtoto anahema haraka wakati hana homa wala kifua hakikoromi? Miguu ilikuwa inapigapiga hewani kwa mzunguko usioisha? Alikuwa na umanjano na kutapika? Kila jibu linaelekeza upande fulani. Usipokumbuka harufu yoyote usihuzunike, maana mengi ya magonjwa haya hayanuki kabisa.

Sasa mtoto huyu wa tumboni.

Wiki hii nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, na usiishie kliniki ya wajawazito. Omba kuonana na daktari wa watoto, mkononi una karatasi ya ukoo na vyeti vyovyote vya watoto waliotangulia. Mwombe awasiliane mapema na hospitali ya Bugando kule Mwanza, au ya Muhimbili, ili wakubaliane utajifungulia wapi. Kama familia inaweza, mimi ningependa ujifungulie Bugando, kwenye wodi ya watoto wachanga mahututi na maabara kubwa zaidi. Basi la kupita Kasulu na Kibondo hadi Mwanza ni safari ndefu, kwa hiyo usiifanye mimba ikiwa imekomaa. Ukae kwa ndugu mapema. Ikishindikana, Maweni. Zahanati au nyumbani, hapana. Muulize pia kuhusu kipimo cha jeni chenu wawili, wewe na mume. Kina gharama, lakini wakati mwingine kinatoa jibu hata pale ambapo hakuna damu ya mtoto iliyobaki.

Kwa kawaida mama aliyejifungua salama huruhusiwa baada ya saa 24. Wewe usikubali. Kaa hospitali angalau siku saba, kwa sababu ni siku ya tatu tunayoiogopa. Mtoto apimwe sukari kwa tone la damu ya kisigino mara kwa mara. Ikishuka chini ya milimoli 2.5 kwa lita, atibiwe papo hapo. Mkojo wake uchovywe kile kijiti cha kawaida cha kupima mkojo na kuangaliwa ketoni, yaani mabaki ya mafuta yanayovunjwa na mwili. Ketoni nyingi kwenye mkojo wa mtoto mchanga si kawaida, na kijiti hicho kipo hata vituo vya afya. Kinasikitisha kwa jinsi kinavyosahaulika.

Kunyonya je? Usimnyime titi kwa uamuzi wako mwenyewe. Uwezekano wa asilimia 75 ni kwamba huyu ni mzima, na mtoto mchanga akikaa na njaa mwili wake unaanza kuvunja protini zake, yaani unamtengenezea ile hatari tunayoikimbia. Mpango wa maziwa uamuliwe na daktari wa watoto kabla hujajifungua, uandikwe.

Akilegea, au akikataa titi, au akipata degedege, hapo mambo yafanyike kwa pamoja bila kusubiriana. Maziwa yasimamishwe kwa muda, na papo hapo ianzishwe dripu ya glukosi ya asilimia 10. Dripu hii ndiyo moyo wa matibabu yote katika hospitali zetu. Sukari ikiingia ya kutosha, mwili unaacha kujila, na sumu inapunguza kasi hata kabla hatujajua jina la ugonjwa. Kusimamisha maziwa bila kuweka dripu ni kumwumiza. Protini nayo isikatwe zaidi ya siku moja, au mbili kwa mbali sana, kwa sababu mtoto anaihitaji kuishi. Antibaotiki zianze vilevile. Hakuna anayepaswa kuchagua kati ya maambukizi na umetaboli wakati mtoto anazimika.

Damu ya amonia ina masharti: chupa iwekwe kwenye barafu na ipimwe ndani ya dakika chache. Ikikaa inapanda yenyewe na kudanganya. Kwa hiyo ipimwe pale penye mashine, isisafirishwe kwa basi. Kwa mtoto mchanga anayeumwa, zaidi ya mikromoli 150 kwa lita ni ishara ya kuchukua hatua.

Kipo kipimo kimoja kinachoweza kusafiri, na vifaa vyake unaweza kuvikuta kwenye kliniki za mama na mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Guthrie wa Marekani, aliyekuwa na mwana mwenye ulemavu wa akili na mpwa mwenye fenilketonuria, alibuni njia ya kuchukua matone ya damu ya kisigino kwenye karatasi maalumu. Nchi nyingi sasa zinampima hivyo kila mtoto anayezaliwa. Hapa kwetu hatuna upimaji wa kitaifa wa namna hiyo kwa magonjwa haya, lakini karatasi ya aina hiyo tunayo: ni ile kadi ya DBS, yaani ya tone la damu lililokaushwa, inayotumika kuwapima virusi vya ukimwi watoto wa mama wenye maambukizi. Naisema wazi kwa sababu mtu akiiona karibu na mtoto wako anaweza kuanza maneno. Wewe jua ni karatasi tu, inabeba damu ya kipimo chochote.

Mwombe daktari ichukuliwe kati ya saa 48 na 72, au mapema zaidi dalili zikianza, na kabla mtoto hajaongezewa damu, maana damu ya mtu mwingine inaharibu baadhi ya majibu. Kila duara lijae kwa tone moja lililopenya upande wa pili, kadi ilazwe ikauke kivulini kwa saa kadhaa, isianikwe juani. Mkojo kidogo ugandishwe kwenye friza. Vipimo vyenyewe kwa kawaida hutumwa nje ya nchi, na majibu huchukua muda. Ndiyo maana kila kitu nilichokieleza juu kinaanza bila kuyasubiri.

Usikate tamaa kwamba hata tukijua hatutakuwa na dawa. Baadhi yana matibabu magumu na maziwa maalumu ya bei kubwa, hilo ni kweli. Lakini ule wa galaktosi unatibiwa kwa kuacha maziwa ya mama na ya ng'ombe na kumpa mtoto maziwa ya soya ya watoto wachanga, tena ni kati ya magonjwa machache mno yanayomkataza mama kunyonyesha. Yapo yanayotulia kwa vitamini: aina fulani ya ugonjwa wa asidi huitikia sindano ya B12, mwingine huitikia biotini, na ipo degedege isiyokubali dawa zote mpaka mtoto apewe B6. Hiyo B6 ni ileile wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu pamoja na dawa zao. Mtoto akiendelea kupata degedege licha ya dawa za kawaida, muulize daktari kama B6 imejaribiwa.

Kuhusu mchango: mtoto huyu asipewe dawa ya miti shamba, asikatwe kimeo, wala asing'olewe kile kinachoitwa meno ya plastiki. Ini lake huenda halina nafasi ya kosa hata moja. Dua na kisomo viendelee, hakuna daktari anayevikataza.

Na jambo gumu, ambalo naliandika kwa sababu hakuna aliyekuambia mara mbili zilizopita. Mungu akimchukua na huyu, damu ya kadi na mkojo vichukuliwe mara moja. Ni dakika chache, maziko hayacheleweshwi, na mimba inayofuata haitaanza gizani. Uliza juu ya kupanga uzazi au kuacha kuzaa baada ya majibu, sio sasa.

Nakili maneno haya nyuma ya kadi yako ya kliniki, mkabidhi na mume wako nakala, kwa sababu siku hiyo huenda wewe usiweze kueleza:

"Nimefiwa na watoto wawili, wa kiume siku ya 5 na wa kike siku ya 6. Walizaliwa wazima, miezi imetimia, wakalegea siku ya 3. Mimi na mume wangu ni mabinamu. Ugonjwa wa kurithi wa umetaboli unashukiwa. Mtoto akilegea, akikataa titi au akipata degedege: pima sukari na ketoni sasa hivi, simamisha maziwa kwa muda na uanze dripu ya glukosi asilimia 10, anza antibaotiki, chukua damu kwenye kadi kabla ya kuongeza damu, mwite daktari wa watoto."